Istilahi za Utumwa: Neno Moja Halitoshi

Tumeletewa kijitabu cha kurasa chache kilichofasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya watendaji wa vijiji na kata mkoani Singida. Kinaeleza sheria zinazokataza utumwa, kazi ya shuruti na usafirishaji haramu wa binadamu. Nia yake ni njema na Kiswahili chake ni chepesi. Hata hivyo aliyetuletea, mtumishi wa serikali wa miaka mingi, alikuwa na lalamiko ambalo tumeona yafaa lizungumzwe hapa, kwa kuwa haliwahusu wafasiri wa kijitabu hicho peke yao.

Kisa chenyewe ni hiki. Mama mmoja alifika kwa mtendaji kueleza habari za binti yake wa miaka 13. Baba wa mtoto alikopa magunia ya mahindi wakati wa upungufu wa chakula, akashindwa kulipa, na mkopeshaji akamchukua binti akafanye kazi za nyumbani kwa jamaa yake mjini mpaka deni liishe. Deni litaisha lini, hakuna aliyesema. Mtendaji akafungua kijitabu. Chini ya neno utumwa alisoma habari za mtu anayemilikiwa, kununuliwa na kuuzwa, binti hakuuzwa. Chini ya usafirishaji haramu alisoma habari za watu wanaofichwa katika malori na kuvushwa mipaka. Binti alipanda basi mchana kweupe na nauli yake ikalipwa. Mtendaji akamwambia mama arudi akapatane na mumewe. Hatumlaumu. Alisoma maneno aliyopewa, na maneno hayo hayakuwa na nafasi ya mtoto yule.

Neno mtumwa limetokana na kitenzi tuma, na kwa asili yake ni mtu anayetumwa. Mtume na mtumishi wametoka katika shina hilo hilo. Mnyororo na soko havimo ndani ya neno. Viliingizwa na historia. Ndiyo maana watu wa pwani waliokuwa wakiishi na utumwa kila siku hawakutosheka na neno hilo moja. Anayetaka kuona jinsi hali hizi zilivyotenganishwa na asome Desturi za Wasuaheli cha Mtoro bin Mwinyi Bakari, kilichochapishwa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903.

Mjinga, kabla ya kuwa neno la kumvunjia mtoto heshima darasani, alikuwa mtumwa aliyefika karibuni kutoka bara, asiyejua bado lugha wala desturi za pwani. Mzalia alizaliwa huko huko pwani, na kwa desturi hakuuzwa ovyo kama mjinga. Mtwana alikuwa mwanamume, mjakazi mwanamke. Suria alikuwa mjakazi aliyewekwa nyumbani na bwana wake, na mtoto aliyemzalia bwana huyo alihesabiwa huru kwa sheria ya Kiislamu. Mtoro, ambaye leo mwalimu humwandika katika daftari la mahudhurio, alikuwa amemkimbia bwana. Kibarua kilikuwa kijikaratasi cha siku ya kazi alichopewa mtumwa aliyekodishwa, na ujira wake uligawanywa na bwana. Baadaye jina la karatasi likawa jina la mtu. Kila neno kati ya haya lilibeba haki fulani au ukosefu wa haki fulani. Lakini yafaa tukumbuke ni nani aliyekuwa akigawa majina hayo: ni bwana aliyeketi barazani kwake. Mjoli, yaani mwenzako katika utumwa wa bwana mmoja, ndilo neno ambalo twadhani watumwa walilihitaji wao wenyewe.

Huku bara mizani iligeuka. Katika njia ya misafara iliyopita Ugogo na pori la Mgunda Mkali kuelekea Tabora, wapagazi waliotoka pwani waliitwa waungwana, nao wakajiita hivyo, ingawa wengi wao walikuwa watumwa wa watu. Aliyekuwa mtwana Bagamoyo alifika Manyoni akiwa mwungwana. Basi mfasiri anayekuta neno hilo katika maandishi ya safari za karne ya 19 akaliandika moja kwa moja kuwa mtu huru, amekwisha kupotea.

Kosa jingine tunalikuta zaidi katika madaftari ya shule. Mwanafunzi huandika kwamba utumwa ulikomeshwa mwaka 1873. Kilichokomeshwa mwaka huo, kwa mkataba kati ya Sultani Barghash na Waingereza, ni kupeleka watumwa kwa njia ya bahari pamoja na masoko ya hadharani. Hadhi ya kisheria ya utumwa katika Unguja na Pemba ilifutwa mwaka 1897, tena kwa sharti la mtumwa kujitokeza mwenyewe kudai. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Bara, Wajerumani hawakuifuta kamwe. Amri yao ya 1901 ilimpa mtumwa njia ya kujikomboa kwa fedha, na ile ya 1904 ikawafanya huru watoto waliozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905. Ni Waingereza walioifuta, mwaka 1922. Kwa hesabu hiyo mtu aliyezaliwa Mkalama au Kilimatinde mwaka 1900 angeweza kuwa mtumwa mbele ya sheria hadi alipotimiza miaka 22, huku kitabu chake cha historia kikimwambia kwamba jambo hilo lilikwisha kabla baba yake hajaoa.

Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kutenganisha mambo haya. Biashara hukomeshwa. Hadhi ya kisheria hufutwa. Mtu hukombolewa kwa mali, au huachwa huru kwa hiari ya bwana. Kuviweka vyote chini ya kukomesha ni uvivu, na hatuoni jina jingine la kuupa. Tukumbuke pia kwamba sheria ya 1922 haikutaja utumwa katika jina lake. Ilitaja kufutwa kwa utumishi usio wa hiari. Waliotunga sheria hiyo walijua kwamba bwana akikatazwa neno moja atatafuta jingine.

Sasa turudi kwa binti yetu. Mkataba wa Geneva wa 1926 ulieleza utumwa kuwa hali ya mtu anayetendewa kwa mamlaka ya umilikaji. Kijitabu kiliishia hapo. Mkataba wa nyongeza wa 1956 uliendelea mbele: ulitaja mtu anayetoa kazi yake, au kazi ya mtu aliye chini yake, kuwa dhamana ya deni, iwapo thamani ya kazi haihesabiwi katika kupunguza deni au muda wake haukuwekewa mpaka. Ulitaja pia mtoto wa chini ya miaka 18 anayekabidhiwa na wazazi kwa mtu mwingine ili anyonywe, kwa malipo au bila malipo. Msomaji ataona kwamba binti yule ameelezwa hapo mara mbili.

Wafasiri wengi huiita hali ya kwanza utumwa wa madeni. Hatuipendi istilahi hiyo. Inamrudisha msomaji kwenye picha ya mnyororo, naye akitazama haoni mnyororo. Tunapendekeza rehani ya mtu. Kila mkulima anajua rehani: kitu kinawekwa, na kinakaa kwa mwenye mali mpaka deni lilipwe. Wala si jambo geni katika nchi hizi za kati. Katika njaa kuu ya Mtunya iliyoipiga Ugogo mwaka 1917 hadi 1920, wapo waliowaweka watoto kwa wenye nafaka ili waliobaki wale. Mzee wa Manyoni akiambiwa rehani ya mtu hatahitaji semina.

Kuhusu usafirishaji haramu wa binadamu tuna shaka kubwa zaidi, lakini mkono wetu ni mfupi, kwa kuwa istilahi hiyo imekwisha kuingia katika jina la sheria ya mwaka 2008. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 inahesabu ndani ya kosa hilo kuandikisha, kusafirisha, kuhamisha, kuhifadhi na kupokea mtu kwa nia ya kumnyonya. Na kwa mtoto, ridhaa haiangaliwi. Neno letu limechukua kitendo kimoja kati ya vitano. Mwenye nyumba anayempokea mtoto mlangoni hajasafirisha mtu, na akisoma sheria atalala usingizi. Wenzetu wa Kenya husema ulanguzi wa binadamu. Najua wapo watakaocheka, kwa kuwa mlanguzi kwetu bado ananuka sukari na sabuni zilizofichwa mwaka 1983. Lakini tazameni alifanya nini mlanguzi yule: alinunua, akaficha, akapokea, akauza kwa faida, na mara nyingi hakusafiri hata hatua moja. Neno lenye harufu hiyo lingeeleza kosa vizuri kuliko hili tulilo nalo. Mpaka sheria itakaporekebishwa, kila kijitabu kinachotumia usafirishaji haramu hakina budi kuvitaja vitendo vyote vitano katika aya ya kwanza.

Kijitabu tumekirudisha kwa waliokitoa pamoja na masahihisho, tukiomba ukurasa wa tatu uandikwe upya wote. Limebaki jambo moja ambalo sisi hatuwezi kulimaliza mezani kwetu. Twawaomba walimu na watumishi walioko Iramba, Mkalama, Ikungi na Manyoni watuandikie maneno ya Kinyiramba, Kinyaturu na Kigogo yanayomtaja mtoto aliyewekwa kwa mwenye nafaka, wakieleza kama mtoto huyo alirudi kwao, na kama aliporudi aliitwa kwa jina jingine.