Huru si bure
Katika insha zilizokusanywa mwaka 2002 kwa jina la Free Software, Free Society, Richard Stallman, Mmarekani aliyeutangaza mradi wa GNU mwaka 1983, anatetea haki ya mtumiaji wa kompyuta kuichunguza programu, kuibadili na kuwagawia wenzake. Lugha ndiyo iliyomponza. Neno la Kiingereza "free" lina maana mbili, na wenye biashara walisikia "bure" palipokusudiwa "huru". Mwaka 1998 wengine, Eric Raymond miongoni mwao, wakaliacha, wakashika "open source", yaani chanzo kilicho wazi. Masharti ya pande hizo mbili yanakaribiana mno. Lakini huyu hudai haki, na wale husifu ubora wa kazi. Stallman hakuwaridhia, nami naona alikuwa na hoja, ijapokuwa ukaidi wake humchosha msomaji.

Kwetu ugomvi huo usingalizuka: hata mtoto wa darasa la kwanza hachanganyi huru na bure. Ajabu ni kwamba baadhi ya watafsiri wetu wamechagua "programu huria" kwa makundi yote mawili, kwa neno lile lile tulilolizoea katika "soko huria". Asomaye tafsiri hizo hatambui hata kidogo kwamba watu waligombana.