Kumpima Beki Aliyetoka Kambini

Mtaje Alphonso Davies mbele ya mashabiki watano, na wanne watakupeleka Lisbon, tarehe 14 Agosti 2020, usiku Bayern Munich walipoifumua Barcelona mabao 8-2. Davies alichukua mpira kushoto, akamwacha Nélson Semedo akihangaika, akaambaa na mstari wa goli, kisha akamtengea Joshua Kimmich aliyeandika bao la tano. Ni bao la kurudia mara ishirini kwenye simu. Ila kwa anayetaka kujua kama Davies ni beki mzuri, halimwambii kitu. Ile ilikuwa kazi ya winga, na kwamba aliyeifanya alipangwa namba tatu, yaani beki wa kushoto, siku ile hakuigeuzi kuwa kazi ya beki.

Nakupeleka kwenye mechi nyingine ya mwaka uleule, ambayo haikumbukwi sana. Tarehe 16 Juni 2020 Bayern waliifunga Werder Bremen 1-0 wakajihakikishia ubingwa wa Ujerumani. Katika mechi ile Davies alipimwa akikimbia kilomita 36.51 kwa saa, kasi kubwa kuliko zote zilizokuwa zimerekodiwa Bundesliga tangu vipimo hivyo vianze. Dakika ya 79 ya mechi hiyohiyo alionyeshwa kadi ya pili ya njano, akatoka, na Bayern wakamaliza wakiwa kumi.

Mtazamaji wa kawaida ataona mambo mawili, la sifa na la bahati mbaya. Mimi nasema mambo hayo mawili ni ndugu. Beki mwenye kasi hujiruhusu kuchelewa. Anajua akikosea hatua mbili atazirudisha kwa miguu, kwa hiyo macho yake hayapati mazoezi ya kutosha. Siku miguu ikipungukiwa na nusu mita, mkono unashika jezi au mguu unagonga kifundo, na refa yupo pale. Kwa hiyo kila unapoona beki anakimbia kwa kishindo kurudi nyuma na uwanja mzima unamshangilia, irudishe picha sekunde tatu. Alikuwa amesimama wapi kabla ya pasi kupigwa? Kama alisimama vibaya, mbio zile ni malipo ya deni lake mwenyewe. Kama alisimama vizuri na mwenzake ndiye aliyepoteza mpira, hapo mpe alama zake zote.

Kipimo hicho cha sekunde tatu ndicho ninachokithamini kuliko vingine, na hakihitaji takwimu za kompyuta. Mfuate beki mmoja kwa robo saa, mpira uache uende unakokwenda. Angalia shingo. Beki aliyefundwa hugeuza kichwa nyuma ya bega kabla mpira haujapigwa, anamwona winga wake, anaurudia mpira, anageuka tena. Asiyefundwa humkodolea macho mwenye mpira huku mtu wake anampotea mgongoni. Vijiweni tunaita kukaba kwa macho, na hata ligi kubwa za Ulaya wamo wanaolipwa vizuri kwa kazi hiyo.

Ukishamaliza shingo, shuka kiunoni. Beki anayemkabili mtu uso kwa uso asisimame kama askari wa gwaride, miguu sambamba na kifua mbele. Asimame upande, mguu mmoja nyuma, magoti yamelegea, uzito uko mbele ya nyayo, na mwili wake umemwachia mshambuliaji njia moja tu, ile anayoitaka beki. Hatua ziwe fupi. Asiuvamie mpira, arudi nyuma taratibu mpaka msaada ufike au mwenye mpira augonge mbali na mguu wake. Kuteleza chini ndicho kitu mashabiki wanachokipenda kuliko vyote, na ndicho ninachokipunguzia alama mara nyingi: anayeteleza mara sita kwenye mechi moja huwa amechelewa mara sita. Yapo mateleza ya lazima, ya mtu wa mwisho ndani ya boksi, na hayo ni ya kuvulia kofia. Mengine ni sarakasi.

Hapa Davies anastahili haki yake. Hakuzaliwa beki. Alikulia winga, akaingia Bayern Januari 2019 akiwa winga, na namba tatu aliipata vuli ya mwaka huo kwa ajali ya wengine: Niklas Süle na Lucas Hernández waliumia ndani ya wiki moja, David Alaba akavutwa katikati, upande wa kushoto ukabaki bila mwenyewe. Novemba 2019, kocha Hansi Flick alipoisimamia mechi yake ya kwanza ya ligi na kuifunga Borussia Dortmund 4-0, kijana wa miaka 19 aliyekuwa na wiki chache tu za ubeki alianza pale. Kwa mtu aliyejifunza kazi akiwa tayari kazini, jinsi anavyomkabili winga mmoja kwa mmoja ni ya daraja la juu kabisa. Upungufu wake uko mahali pengine, na kamera ya runinga huuficha: mpira ukiwa upande wa kulia, krosi inakuja mlingoti wa mbali, beki wa kushoto anatakiwa awe ameshaingia ndani na kumgusa mtu wake kwa mkono. Pale ndipo winga wa zamani hujulikana. Wengi wao, Davies akiwemo, hufika wakiwa wameuona mpira na hawajamwona mtu.

Kwa mabeki wa kati mizani hubadilika. Mmoja mmoja hawapimiki. Hupimwa kwa mstari. Wanapanda pamoja mpira unaporudishwa nyuma? Nani anatoa sauti? Mwenzake anapovutwa nje kumfuata mshambuliaji, nani anaziba mwanya? Mfano wangu ni Thomas Deng, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1997, mtoto wa familia ya Sudan Kusini iliyohamia Adelaide, Australia, naye akiwa bado mdogo. Alikuwa nahodha wa Australia kwenye Olimpiki ya Tokyo. Tarehe 22 Julai 2021, mjini Sapporo, waliifunga Argentina 2-0, na magazeti yakaandika sana. Mimi siitumii mechi hiyo kumpima, kwa sababu Argentina walibaki kumi kabla ya mapumziko baada ya Francisco Ortega kutolewa. Natumia iliyofuata, waliyofungwa. Uhispania walikuja na akina Pedri, Dani Olmo na Marco Asensio, wakamiliki mpira karibu muda wote, na mlango haukufunguka mpaka dakika ya 81, Mikel Oyarzabal alipofunga kwa kichwa. Ngome inayozungushwa dakika themanini bila kupasuka ina mtu anayeongea ndani yake. Kufungwa 1-0 namna ile ni cheti kizito kuliko ushindi dhidi ya watu kumi.

Deng si mrefu kwa vipimo vya mabeki wa kati, na hilo linaleta swali la pasi. Beki asiyetawala hewa lazima alipe kwa miguu. Alicheza Melbourne Victory, akaenda kwa mkopo Uholanzi kwenye kikosi cha pili cha PSV, halafu mwaka 2020 akahamia Japani: Urawa, kisha Albirex Niigata waliochukua ubingwa wa daraja la pili mwaka 2022, kisha Yokohama F. Marinos. Timu za Japani, Niigata hasa, hazimvumilii beki wa kubutua. Ukitaka kupima pasi ya beki, usihesabu zilizofika. Nyingi ni za kumpa jirani aliyesimama mita tano. Hesabu zile zinazompita angalau mpinzani mmoja na kumkuta kiungo akiwa ameshageukia mbele. Beki akipiga nane za namna hiyo katika mechi, kocha wake analala usingizi.

Kuna jambo ambalo mechi moja haiwezi kukuonyesha hata ukiitazama mara kumi, nalo ni anachofanya beki baada ya kuaibika. Mshambuliaji akikosa bao tano na kufunga la sita anaimbiwa. Beki akifanya mema hamsini na kukosea mara moja, kinachokumbukwa ni kile cha mara moja. Dejan Lovren, aliyekuwa beki wa kati wa Liverpool na Kroatia, anajua. Alizaliwa Zenica, Bosnia, mwaka 1989. Vita vilipoanza familia ikakimbilia Munich, ikakaa miaka saba, kisha ikalazimika kuondoka Ujerumani na kuanza upya Kroatia, ambako mtoto alidhihakiwa kwa lafudhi yake. Tarehe 22 Oktoba 2017, uwanja wa Wembley, Liverpool walikuwa wanachapwa na Tottenham. Mabao mawili ya mwanzo yalipita upande wake, na dakika ya 31 kocha Jürgen Klopp akamtoa. Kwa beki wa kati hiyo ni kuvuliwa nguo sokoni. Mechi iliisha 4-1.

Sasa hesabu miezi. Mei 2018 Lovren alianza fainali ya Ligi ya Mabingwa mjini Kyiv, na bao pekee la Liverpool, la Sadio Mané, lilitokana na kichwa chake. Julai alianza fainali ya Kombe la Dunia mjini Moscow. Zote mbili alipoteza, kwa Real Madrid na kwa Ufaransa, na bado nasema miezi tisa ile ina uzito kuliko medali nyingi za watu waliokaa benchi. Makocha wawili tofauti, wenye kazi zao hatarini, walimrudisha uwanjani. Unapoisoma historia ya beki, uliza hivyo: baada ya siku mbaya, nani alimwamini tena, na baada ya muda gani?

Mabeki wote watatu niliowapima wametoka katika familia za wakimbizi, na hapa ndipo wapimaji wengi huharibu mizani. Wapo watangazaji wanaosema Davies ana mbio kwa sababu wazazi wake walikimbia vita. Huo ni upuuzi. Wazazi wake walitoka Liberia. Yeye alizaliwa Novemba 2000 katika kambi ya Buduburam, Ghana, na akiwa na miaka mitano familia ilikuwa Kanada. Kambi haifundishi mtu kukaba. Vita havimpi mtu kiuno chepesi. Kilichomfikisha Davies ni kitu cha kawaida sana: pale Edmonton palikuwa na ligi ya watoto wa shule, Free Footie, isiyotoza ada, iliyotoa vifaa na usafiri kwa watoto ambao wazazi wao walikuwa kazini jioni. Bila basi lile, kasi yake ingebaki ya kushindana na wenzake mtaani. Akiwa na miaka 14 alihamia chuo cha Vancouver Whitecaps. Akiwa na 15 alikuwa ligi kuu.

Kwa hiyo alama za huruma zisiwepo, wala za kushangaa. Ila ukitaka kujua mchezaji kama huyu amekua kwa kasi gani, historia yake ina majibu ambayo takwimu hazina. Alipata kocha wa kweli akiwa na umri gani? Nani alilipa viatu na nauli? Hati zake zilipatikana lini? Swali la hati si dogo. Davies alipata uraia wa Kanada tarehe 6 Juni 2017, na wiki moja baadaye akavaa jezi ya taifa dhidi ya Curaçao. Mwezi uliofuata alifunga mabao matatu Kombe la Dhahabu. Kiwango kilikuwepo kabla. Karatasi ndiyo iliyokuwa haijafika. Vijana wangapi katika kambi za wakimbizi za Kakuma, Nyarugusu au Nakivale wanasubiri karatasi hiyo wakati magoti yao yakiwa bado mapya? Awer Mabil, winga aliyezaliwa Kakuma, na rafiki yake Deng walianza kuichezea Australia usiku mmoja, Oktoba 2018, dhidi ya Kuwait. Wote wawili, Adelaide iliwapokea mapema. Skauti anayekuja Afrika Mashariki akimwona beki wa miaka 20 aliyeanza kufundishwa na 17, asimlinganishe na aliyelelewa akademi tangu miaka minane. Amuulize amejifunza nini katika hiyo mitatu. Mwanafunzi wa haraka ni mali kuliko aliyekwisha kujaa.

Nirudi kwa Davies. Machi 2025, akiichezea Kanada dhidi ya Marekani, alichanika kano ya goti. Jeraha lile ni mtihani mgumu kwa beki wa kasi kuliko kwa beki wa macho, kwa sababu linamlazimisha atumie kile ambacho miguu ilimruhusu akiahirishe.

Hukumu yangu kwa sasa ni hii. Ukinipa mechi ya kufa na kupona na winga hatari upande wa kulia wa mpinzani, nampanga Davies namba tatu bila kufikiri mara mbili. Ukinipa bao moja la kulinda dakika kumi za mwisho, krosi zikimiminika, nitamwomba kocha ampeleke mbele acheze winga, na nyuma amwingize mtu mwenye kasi ndogo na shingo inayozunguka.