Viwanja 20,000: mtaa uliopimwa kabla ya nyumba

Kati ya mwaka 1990 na 2001, wakazi wa Dar es Salaam walipeleka serikalini maombi ya viwanja karibu 20,000 kwa mwaka. Viwanja vilivyogawiwa havikufika 700 kwa mwaka. Waliokosa hawakukaa kusubiri. Walikwenda Kimara, Tabata na Mbagala, wakapatana bei na mwenye shamba, mjumbe wa nyumba kumi akashuhudia, msingi ukachimbwa. Ndivyo jiji lilivyofika mahali ambapo wakazi zaidi ya saba katika kila kumi wanaishi katika maeneo yasiyopangwa.

Mradi wa Viwanja 20,000 ulianza mwaka 2002 chini ya Wizara ya Ardhi na Maendeleo ya Makazi, pamoja na manispaa za Kinondoni, Ilala na Temeke. Tangu miaka ya 1970 halikuwa limefanyika jaribio kubwa kama hilo la kugeuza mfuatano: kwanza upimaji, kisha nyumba. Naurudia leo kwa sababu halmashauri nyingi bado zinauiga kwa kuhesabu viwanja, ilhali kilichoufanya uende ni mpangilio wa fedha, na kilichoupunguzia nguvu ni ukubwa wa vipande vyenyewe. Mambo haya mawili yanazungumzwa kidogo mno.

Tuanze na njia ambayo kiwanja hupitia kisheria. Kwanza huchorwa mchoro wa mipango miji, unaoonyesha barabara, viwanja vya makazi, biashara, shule, zahanati na maeneo ya wazi, nao huidhinishwa na Mkurugenzi wa Mipango Miji. Pili, wapima huingia uwandani, husimika bikoni, yaani alama za mpaka, kwenye kila kona, hupiga hesabu za majiranukta na kutoa ramani ya upimaji, ambayo huidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani. Bila saini hiyo, mistari ya mchoro ni nia tu; haina mpaka unaoweza kutetewa mahakamani. Tatu, Kamishna wa Ardhi humilikisha: mwombaji hupewa barua ya toleo, hulipa ada, kisha hupata hati ya miaka 33, 66 au 99. Wakati wa mradi hatua ya kwanza iliongozwa na sheria ya zamani ya mipango miji, Sura ya 378. Mwaka 2007 ikaja Sheria ya Mipango Miji Na. 8. Mfuatano wenyewe haukubadilika.

Ukiutazama mfuatano huo unaweza kudhani foleni ya waombaji ilisababishwa na ofisi kuzungushana mafaili. Sehemu yake ndiyo. Ila kikwazo kikubwa kilikuwa kabla ya mchoro, nacho ni fidia. Ardhi ya pembezoni mwa Dar es Salaam haikuwa tupu. Ilikuwa mashamba ya minazi, mikorosho na mihogo, yenye wenyewe. Kabla ya Sheria ya Ardhi ya 1999, mwenye shamba alifidiwa majengo na mazao peke yake. Ardhi haikuhesabiwa kuwa na bei. Sheria mpya ikadai fidia kamili, ya haki na ya mapema, na kanuni za uthamini za mwaka 2001 zikafafanua: thamani ya ardhi kwa bei ya soko, maendelezo yaliyomo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36, na faida iliyopotea kwa mwenye biashara. Ilikuwa haki kwa mkulima. Kwa manispaa isiyo na fedha, maana yake ilikuwa kwamba haiwezi tena kupima shamba la mtu kwa ahadi.

Hapo ndipo mradi ulipofanya kitu kipya. Hazina iliukopesha shilingi bilioni 8.9 bila riba. Fedha hiyo ilitumika kulipa fidia, kuchora, kupima na kuchonga barabara, kisha gharama zote zikaingizwa katika bei ya kiwanja. Mnunuzi alilipa, mkopo ukarudi, na kilichobaki kikasaidia kupima maeneo mengine na kuupeleka utaratibu huo katika miji mingine nchini. Kiwanja kilitoka mikononi mwa wagawaji kikaingia sokoni kwa bei iliyotangazwa. Wapo walionung'unika kwamba serikali imegeuka dalali. Mimi naona ndiyo hatua ya uaminifu zaidi katika mradi mzima, kwa sababu kiwanja cha bei ya chini ambacho hakipatikani hulipiwa mara mbili: mara moja ofisini, mara ya pili kwa mtu wa katikati.

Kazi ya uwandani ilienda kwa kasi ambayo wapima wa miaka ya 1990 hawakuizoea. Kikosi kimoja kiliwaunganisha maofisa wa wizara na wa manispaa, kampuni binafsi za upimaji zikahusishwa, vifaa vya setilaiti vikatumika kuweka alama za msingi, na kumbukumbu za viwanja zikaingizwa kwenye kompyuta tangu mwanzo. Maeneo yaliyopimwa yalikuwa haya: Mbweni, Bunju, Boko na Mivumoni upande wa Kinondoni. Buyuni na Mwanagati upande wa Ilala. Toangoma, Kijichi, Kibada, Kisota, Mwongozo na Gezaulole upande wa Temeke wa wakati huo. Idadi ya viwanja ilipita lengo kwa mbali, na wanunuzi wakapata hati kwa muda ambao zamani ungetumika kulitafuta faili.

Sasa nije kwenye ukubwa wa viwanja, na hapa nitakaa kidogo.

Kanuni za viwango vya upangaji za mwaka 1997 ziliweka kiwanja cha chini kabisa cha makazi, kile cha msongamano mkubwa, kuanzia mita za mraba 400. Juu yake kulikuwa na vya msongamano wa kati na mdogo, ambavyo vilipita 1,000 kwa urahisi. Mradi ulitoa vya aina zote tatu. Chukua hekta moja, yaani mita za mraba 10,000, utoe asilimia 35 kwa barabara na huduma. Inabaki 6,500. Kwa viwanja vya mita za mraba 400 unapata 16. Kwa vya 800 unapata 8. Kwa vya 1,600 unabaki na 4. Fidia ya hekta ni ileile, kwa hiyo mzigo wa kila mnunuzi huongezeka maradufu kila ukubwa unapoongezeka maradufu.

Fidia, hata hivyo, hulipwa mara moja. Mzigo wa kudumu uko kwenye upana wa uso wa kiwanja. Kiwanja cha mita 12 kwa 24 kinagusa barabara kwa mita 12. Kwa kuwa barabara inahudumia pande mbili, kila kaya inabeba mita 6 za barabara, mita 6 za bomba na mita 6 za waya wa umeme. Kiwanja cha mita 30 kwa 40 kinaibebesha kaya mita 15 za kila kimoja. Kila kilomita ya bomba inalipwa na kaya chache zaidi, na shirika la maji linaloangalia idadi ya wateja litaelekeza bomba kwenye mtaa uliobanana. Ndiyo maana maeneo mengi ya mradi yalikaa miaka mingi na barabara za udongo zilizochongwa na greda mara moja, maji yakitoka kwenye visima binafsi na maboza, na viwanja vya shule na zahanati vikiwa na namba kwenye ramani bila jengo. Mchoro ulizitengea huduma ardhi. Bei ya kiwanja haikuzitengea fedha za kuzijenga, na hakuna chombo kingine kilichofungwa kwa ratiba kuzijenga.

Kwamba upimaji ungewezekana kwa namna nyingine, jiji lenyewe lina ushahidi. Kuanzia mwaka 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ilipima maeneo mapya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikaweka barabara na maji, kisha ikawaachia watu wajenge polepole kwa uwezo wao. Viwanja vingi vilikuwa vya takriban mita za mraba 300. Utafiti wa Guy Michaels na wenzake, uliochapishwa mwaka 2021 katika Journal of Political Economy, ulifuatilia maeneo ya mpango huo katika miji saba ya Tanzania na kukuta kwamba yale yaliyopimwa yakiwa matupu yalikuja kuwa na nyumba bora kuliko yale yaliyoboreshwa baada ya watu kujenga. Anayeijua Sinza ya leo, yenye maghorofa, maduka na barabara zinazopitika, hahitaji kushawishiwa sana. Viwanja vidogo havikuifanya kuwa mtaa duni.

Mradi wa 2002 ulikuwa na pengo jingine juu ya huo ukubwa. Mpango Kabambe wa Dar es Salaam wa mwaka 1979 uliandaliwa kwa miaka 20, na mradi ulipoanza muda wake ulikuwa umekwisha bila mpango mwingine kuidhinishwa. Viwanja vikapangwa pale ardhi ilipopatikana kwa fidia inayomudika, yaani mbali. Kibada na Gezaulole zilifikiwa kwa pantoni ya Magogoni au kwa mzunguko mrefu wa barabara; daraja la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016. Kabla ya hapo, mwaka 2008, ukatangazwa Mji Mpya wa Kigamboni uliozihusisha kata kadhaa, Kibada ikiwemo, na ujenzi ukasimamishwa. Masharti ya hati humtaka mmiliki aendeleze kiwanja ndani ya miezi 36. Aliyefungwa mikono na tangazo la serikali atawajibishwaje kwa sharti la serikali hiyohiyo?

Lakini si kila kiwanja kilichobaki pori kilifungwa na tangazo. Vingi vilinunuliwa kama akiba. Mtumishi au mfanyabiashara mwenye fedha taslimu alinunua viwili au vitatu, akapanda uzio wa michongoma na kusubiri bei ipande. Kiwanja kikubwa chenye hati, katika nchi ambayo fedha benki huliwa na mfumuko wa bei, ni hifadhi nzuri ya mali. Wizara iliuza ardhi kwa makazi na soko likainunua kama dhahabu. Nguvu ya kubatilisha miliki ipo kisheria, ila hutumika kwa nadra na huishia mahakamani.

Hesabu iliyonigusa zaidi ni ya waliokuwa wenyeji. Mwenye shamba la ekari mbili Toangoma alilipwa fidia, na aliahidiwa kupewa kipaumbele cha kununua kiwanja katika eneo lilelile. Kipaumbele hakikuwa punguzo la bei. Alilipwa kwa bei ya shamba, akatakiwa kununua kwa bei ya kiwanja kilichopimwa, chenye barabara na hati. Tofauti kati ya bei hizo mbili ndiyo iliyorudisha mkopo wa Hazina. Wengi walichukua fedha wakasogea mbele, wakanunua kipande kisichopimwa, na kwa kusogea kwao makazi holela yakaanza upya kilomita chache kutoka kwenye bikoni mpya. Zipo njia za kulizuia hili bila kuvunja hesabu. Mojawapo ni ile inayotumika sasa katika baadhi ya miradi ya upimaji shirikishi: mwenye shamba hulipwa kwa viwanja vilivyopimwa ndani ya shamba lake mwenyewe, na sehemu iliyobaki huuzwa kugharamia kazi. Hapo mradi hauhitaji fedha nyingi za fidia, na mwenyeji anabaki jirani.

Tangu wakati huo kanuni za ukubwa wa viwanja nazo zimesogea. Viwango vya mwaka 2011 vilishusha kiwanja cha msongamano mkubwa hadi kuanzia mita za mraba 300. Ni hatua, ila haigusi maelfu ya viwanja vikubwa ambavyo tayari vina hati, na kwa hivyo soko limejichukulia kazi hiyo. Mmiliki wa mita za mraba 1,200 anamega nusu na kumuuzia mwingine kwa mkataba ulioandikwa kwa wakili. Kisheria anatakiwa kuomba kibali cha kugawa kwa mamlaka ya upangaji, mchoro ubadilishwe, mpima arudi, ramani mpya iidhinishwe, hati ya zamani isalimishwe na mbili mpya zitolewe. Ni njia ileile ya hatua tatu iliyomshinda mwombaji wa miaka ya 1990, safari hii kwa ajili ya bikoni mbili. Wengi wanaishia kwenye mkataba. Mnunuzi anajenga juu ya nusu ya hati ya mtu mwingine, na siku mwenye jina akifariki, warithi ndio watakaoamua kama nusu hiyo ilikuwepo.

Dawa yake inaweza kuanzia kwenye mchoro wa kwanza. Kila kiwanja kinachozidi mita za mraba 800 kichorwe tangu mwanzo na mstari wa mgawanyo uliokwisha kuidhinishwa, kikiwa na njia ya kuingilia sehemu ya nyuma, na mpima asimike bikoni zote, za nje na za mgawanyo, siku hiyohiyo aliyo uwandani. Mmiliki akitaka kugawa, halmashauri itathibitisha tu kwamba mstari umefuatwa, na msajili atatoa hati mbili. Nyongeza ya gharama ni bikoni chache na saa chache za kazi.