Upepo, Magoti na Shokapu: Siri ya Baiskeli Laini

Mtu atokaye Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Mabibo, akaiacha lami na kushika njia za udongo zipitazo baina ya nyumba, hana haja ya kwenda Usambara kuijaribu baiskeli ya milimani. Kwani makorongo yaliyochimbwa na masika, na vifusi vilivyomwagwa kuziba mashimo, humpa mtihani wa kutosha. Baiskeli ninayoikusudia ni ile yenye shokapu mbele peke yake, ambayo gurudumu lake la nyuma limeshikwa na fremu kavu. Iwapo nyuma hamna springi, ulaini wake watoka wapi?

Wengi huitazama shokapu kwanza, nami naona wamebisha mlango usio wenyewe, kwa kuwa springi ya kwanza ya baiskeli ni upepo uliomo tairini. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekaa Belfast, alipata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888, naye alianza kwa kumwondolea mwanawe mtikisiko wa baiskeli ya magurudumu matatu. Tairi hilo hulimeza jiwe badala ya kumrusha mpandaji. Lakini likijazwa hadi kikomo kilichoandikwa ubavuni, ambacho aghalabu hukaribia ratili 65 kwa inchi ya mraba, fadhila hiyo hutoweka, kwani kikomo si nasaha. Kwa mtu wa kilo 70 na tairi la inchi 2.1 lenye tyubu, ratili 30 hadi 35 zatosha, za mbele zikipungua kidogo, maana gurudumu la nyuma hubeba takriban asilimia 60 ya uzani. Zikipunguzwa mno, rimu huibana tyubu juu ya jiwe, ikatoka pancha ya matundu mawili.

Springi ya pili ni miguu ya mpandaji, na hesabu yake ni bayana. Baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna kadiri ya sentimita 110, na ekseli ya pedeli iko sentimita 43 hivi mbele ya ile ya nyuma. Kwa hiyo gurudumu la nyuma likirushwa sentimita 5, pedeli hupanda 3 tu, ilhali tandiko, lililo karibu zaidi na gurudumu hilo, hupanda takriban 4. Basi anyanyukaye akasimama juu ya pedeli zilizo sawia, magoti na viwiko vikiwa vimelegea, amekwisha kulipunguza pigo kabla magoti hayajaanza kazi yake.

Shokapu ndiyo ya tatu. Ikiwa mwendo wake ni milimita 100, yapasa izame milimita 15 hadi 25 mpandaji akishakaa; isipozama kabisa, ama springi ni ngumu kuliko uzani wake, ama mchanga na kutu vimeigandisha, nayo imekuwa mzigo mtupu. Nguzo zake zifutwe kila baada ya safari ya vumbi au tope.

Kwa hiyo, ewe msomaji, kabla hujatoa fedha kununua shokapu mpya, punguza upepo kidogo kidogo, pita njia ile ile mara tatu, nyanyuka tandikoni penye shimo, kisha uamue.