Kosa la herufi moja pale Oldupai

Ukitoka Karatu, ukapita Ngorongoro kuelekea Serengeti, unafika bonde ambalo vitabu vingi bado vinaliita "Olduvai". Wamaasai husema oldupai, yaani mkonge pori unaoota pale. Mjerumani Wilhelm Kattwinkel alifika mwaka 1911, jina likasikika vibaya na likaandikwa hivyo hivyo. Mary Leakey alipopata fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959, kosa likasambaa dunia nzima.

Semina zetu za mawasiliano kazini hutufundisha slaidi na kuongea mbele za watu. Sawa, lakini hiyo ni nusu ya kazi. Kosa la 1911 lisingezuiwa na slaidi nzuri. Lingezuiwa na swali moja tu: "Samahani mzee, nimekusikia sawasawa?" Ukienda fildi, uliza kwanza, ndipo uandike.