Mpiga Kinanda na Karama ya Kubuni: Fela Sowande na Somo Lake kwa Chiwata

Huko Chiwata, baina ya Masasi na Newala, kijana ajifunzaye ngoma huketi kando ya fundi, husikiliza, kisha hujibu kwa mdundo wake mwenyewe. Kijana huyohuyo akipewa kinanda cha kanisa hufundishwa kubonyeza yaliyoandikwa, au huachia kitufe cha umeme kimpigie mdundo. Je, kanisa limemwongezea ujuzi au limempunguzia? Twaona maisha ya Fela Sowande wa Nigeria (1905–1987) yanalijibu swali hili.

Sowande alilelewa katika kwaya ya Kanisa Kuu la Kristo, Lagos, chini ya Thomas Ekundayo Phillips, mwalimu aliyetaka wimbo wa ibada ufuate kiimbo cha lugha ya Kiyoruba. Katika miaka ya 1930 alikwenda London, akapiga jazi katika kumbi za starehe huku akiendelea na masomo ya kinanda cha mabomba. Mwaka 1943 alifuzu mtihani wa juu wa Chuo cha Kifalme cha Wapiga Vinanda, na tangu 1945 hata 1952 alikuwa mpiga kinanda wa misheni ya Kimethodisti katika Kingsway Hall.

Wapo wasemao kuwa jazi ilikuwa kupotea njia. Sisi hatukubali. Kubuni papo hapo si kupiga ovyo. Ni kuujua wimbo hata uweze kuugeuza pasipo kuupoteza. Ndivyo afanyavyo katika *Oyigiyigi*, ambamo wimbo wa Kiyoruba watangazwa, kisha warudi mara kwa mara katika mavazi mapya.

Hata hivyo, hatumsifu bila kupima. Mahali pengine mwafaka wa sauti wa Kizungu umekuwa mzito mno, na wimbo wa wenyeji wasikika kama mgeni nyumbani mwake. Tena, kazi hizo zataka kinanda kikubwa na vidole vilivyofunzwa miaka mingi. Usharika wa kijijini hauwezi kuziiga.

Lakini la kuiga si kazi zake, bali utaratibu wa malezi yake: sikio kwanza, mwalimu karibu, kitabu baadaye, na wimbo wa nyumbani usidharauliwe. Masasi yenyewe si ngeni kwa ujasiri wa namna hiyo. Askofu Vincent Lucas, aliyeiongoza dayosisi hiyo tangu 1926 hata 1944, alithubutu kuipokea jando na kuitia maana ya Kikristo. Ikiwa jando iliweza kupokelewa, kwa nini mdundo ubaki nje ya mlango?

Kwa hiyo twashauri vyuo vyetu vya theolojia visimtahini mpiga kinanda kwa nyimbo za kitabuni peke yake. Na apewe pia wimbo wa kwao, aambiwe auongoze usharika kuuingia, aupambe, na kuurudisha salama. Akishindwa, tujiulize sisi tuliomfundisha.