Kovu Linauma, Kovu Huuma: Tahakiki ya Istilahi za Fidia ya Makovu

Katika kurasa hizi tumezoea kuhakiki istilahi ambazo zimekwisha kupendekezwa katika Kiswahili. Safari hii tumeonelea tuhakiki istilahi za watu wengine kabla hazijatufikia, nazo ni zile zitumikazo Marekani kukadiria ulemavu utokanao na makovu ya askari wa zamani. Tumezichagua kwa kuwa katika fani hii neno si pambo: likiongezwa au likiondolewa, posho ya mtu huongezeka au hukatika. Mfasiri atakayeketi siku moja kando ya askari wa jeshi hilo azungumzaye Kiswahili hana budi kuzifahamu.

Makovu hukadiriwa kwa Jedwali la Kukadiria Ulemavu, vifungu namba 7800 hadi 7805. Tangu tarehe 19 Februari 2019, askari asiyeridhika na asilimia aliyopewa aweza kufuata njia tatu: kuomba mapitio ya afisa wa ngazi ya juu, kuleta dai la nyongeza lenye ushahidi mpya, au kukata rufaa mbele ya Bodi ya Rufaa za Askari wa Zamani, iliyoundwa mwaka 1933. Hakimu wa Bodi hulitazama shauri upya, wala hafungwi na uamuzi wa awali. Na pale ushahidi wa kukubali na wa kukataa unapokaribia kulingana, shaka humfaidi mdai. Lakini hakimu huyo aghalabu halipimi kovu kwa macho yake. Husoma jalada: hulinganisha maneno ya daktari, maneno ya askari na maneno ya Jedwali. Kwa sehemu kubwa, basi, anafanya kazi inayofanana na yetu.

Tuanze na maumivu, maana hapo ndipo penye mengi. Kifungu 7804 hutoa asilimia 10 kwa kovu moja au mawili yenye maumivu, asilimia 20 kwa matatu au manne, na asilimia 30 kwa matano au zaidi. Kwa madai yaliyopokelewa kuanzia tarehe 23 Oktoba 2008, yatosha kovu liwe na maumivu. Kabla ya hapo, kati ya mwaka 2002 na 2008, kifungu kilitaka kovu liwe na maumivu wakati wa kupimwa. Maneno hayo machache yalikuwa mtego. Kovu la mguu laweza kumnyima mtu usingizi usiku wa baridi, lisiseme lolote asubuhi ya siku ya daktari. Daktari akiuliza, naye mdai mkweli akajibu kwamba kwa sasa hasikii kitu, jibu hilo la kweli liliweza kumkosesha haki.

Hapa Kiswahili kina jambo la kujivunia. Sisi hatuwezi kutamka kitenzi hiki bila kuchagua wakati wake. "Kovu linauma" ni habari ya sasa. "Kovu huuma" ni habari ya mazoea. Kanuni ya 2002 ilidai linauma. Ya 2008 inaridhika na huuma. Kwa hiyo hatukubaliani na mfasiri atakayeandika "kovu linalouma" kwa kudhani kuwa ni tafsiri ya wazi na isiyo na madhara. Kirejeshi hicho chaweza kumrudisha askari kwenye kanuni iliyokwisha kuondolewa. Afadhali "kovu lenye maumivu", ambalo halijifungi na saa. Na swali la mpimaji nalo liwe "Kovu hili hukuuma?", lisiwe "Linakuuma?" Tofauti ni silabi moja.

Istilahi ya pili katika kifungu hicho hicho ni mbaya zaidi. Kiingereza kimechukua neno la kila siku lenye maana ya kitu kisichosimama imara, kikalibandika kwenye kovu. Maana ya kisheria ni nyingine kabisa: kovu ambalo, kwa sababu yoyote ile, hupoteza ngozi yake ya juu mara kwa mara. Istilahi ngeni kabisa humfanya msomaji aulize. Istilahi yenye sura ya neno alijualo humnyima hata hamu ya kuuliza. Askari asomaye kwamba kovu lake "si imara" atatafuta kama linasogea.

Tafsiri ya "kovu lisilo thabiti" ingehamisha kosa hilo kwetu likiwa zima. Tulifikiria "kovu linalotoneka", neno tamu lenye asili yetu, lakini kutoneka huashiria kugongwa, hali sheria haijali sababu. Tunapendekeza "kovu linalochubukachubuka". Uradidi wa kitenzi unabeba ile "mara kwa mara" bila nyongeza. Ipo hatari moja zaidi: kwa msemaji wa kawaida wa Kiswahili, kovu likichubuka si kovu tena; ni kidonda kimerudi. Mkalimani akipeleka neno "kidonda" pasipo maelezo, jalada litaonyesha ugonjwa mwingine.

Ama kuhusu "kovu la kina", Wamarekani wenyewe wamelitupa. Neno hilo lilikusudiwa kumaanisha kovu lililoambatana na madhara ya tishu laini zilizo chini yake. Tangu tarehe 13 Agosti 2018 vifungu 7801 na 7802 vinataja madhara hayo moja kwa moja. Ni marefu kuyasema, lakini yanasema kweli.

Kuhusu uso, kabla ya mwaka 2002 kifungu 7800 kilipanda ngazi kwa vivumishi, hadi kufikia sura "yenye kuchukiza" kupita kiasi. Hatuoni haya kusema kwamba tunafurahi neno hilo limeondoka. Leo zipo dalili nane, miongoni mwake urefu wa sentimita 13 au zaidi na upana wa angalau sentimita 0.6, dalili moja ni asilimia 10, sita au zaidi ni asilimia 80. Rula ina ukatili wake, lakini haitukani. Kwa sababu hiyo tunakataa "kuumbuka" kuwa istilahi ya hali hii, kwani neno hilo hubeba aibu. "Kuharibika sura" yatosha.

Limebaki suala la hesabu. Kovu likiwa na maumivu na pia likichubukachubuka, kifungu 7804 huamuru asilimia 10 zijumlishwe kwenye kadirio lake. Lakini makadirio ya ulemavu mbalimbali hayajumlishwi, huunganishwa. Asilimia 30 na 20 hazifanyi 50: ya pili huhesabiwa juu ya 70 zilizobaki, ikapatikana 44, nayo hukadiriwa kuwa 40. Mfasiri akitumia "jumlisha" mahali pote, askari ataamini ameibiwa asilimia 10, na atakata rufaa isiyo na msingi. Tunapendekeza "jumlisha" kwa lile la kwanza na "unganisha" kwa la pili, na yasibadilishane nafasi hata mara moja katika waraka mmoja.